Aliyeamka na Wanja Machoni

Kwenye kiti kilichokuwa mbele ya bibi mmoja mzee, ndani ya basi la asubuhi, fundi cherehani na muuguzi kijana walikuwa wakibishana juu ya tamthilia ya jana, utadhani wamelelewa nyumba moja. Walikuwa wamejuana vituo viwili tu vilivyopita.

"Miezi sita hana fahamu, halafu anaamka na wanja machoni, anamwita mumewe kwa jina!" muuguzi alicheka. "Mama, huo ni uongo mtupu."

"Lakini si ameamka? Mwanangu, una roho ngumu." Fundi alishusha sauti. "Mume wangu ana wiki ya tatu amelala vilevile. Nakaa pale nikisubiri aniite. Wapi! Jana nilimfuta mkono kwa maji baridi, akauvuta, basi, akatulia."

Muuguzi aliacha kucheka. "Aliuvuta mwenyewe? Umewaambia wauguzi wake?"

"Niwaambie nini, na hata macho hakufungua?"

"Mama, watu wa kweli huamka kidogo kidogo. Siwezi kukuahidi kitu, lakini hilo waambie leo, kabla hujaketi."

Fundi akasema kwa ukaidi kwamba hata hivyo yule mwigizaji anajua kulia. Muuguzi alikubali upesi mno, na bibi, aliyekuwa akiwasikiliza kutoka nyuma, akampenda kwa hilo.

Basi liliposimama mbele ya hospitali, fundi alikuwa ameshafika mlangoni. Muuguzi, aliyekuwa amemwambia kondakta kwamba anakwenda hadi kituo cha mwisho, alishuka naye.