Balozi wa Meza Zote Anavua Koti

Baada ya miaka thelathini na moja ya kuwakaribisha wageni katika hoteli yetu ya kilimani, mwenzetu tunayemwita Balozi anastaafu rasmi Ijumaa hii. Meneja ameniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida la wafanyakazi, akisema kwamba mimi, mpishi mkuu, ndiye niliyefanya kazi naye kwa muda mrefu kuliko wote. Ni kweli. Miaka yote hiyo kati yetu kulikuwa na mlango mmoja tu, ule wa kusukuma unaotenganisha jikoni na ukumbi wa chakula. Yeye alikuwa upande wenye maua mezani, mimi upande wenye moshi. Nimeambiwa niandike mazuri matupu. Nitajitahidi, ila msomaji akisikia mtu anasaga meno mahali fulani, asishangae.

Balozi alianza kwa kubeba mizigo. Enzi hizo barabara ya kuja huku ilikuwa ya changarawe tupu, wageni walifika wamejaa vumbi na hasira, naye alikuwa akiwapokea pale chini kwenye ngazi kana kwamba ni wajomba zake waliopotea siku nyingi. Kabla mgeni hajamaliza kuilaani barabara, tayari ana taulo la baridi shingoni na glasi ya juisi mkononi. Juisi hiyo nilikuwa naikamua mimi. Hakuna aliyewahi kuuliza. Haukupita muda akawa mhudumu wa mezani, kisha msimamizi wa ukumbi, kisha mkuu wa huduma kwa wageni, cheo ambacho hakikuwapo, kikabuniwa kwa ajili yake. Mimi nilianza kwa kusugua sufuria, nikawa mkata vitunguu, nikawa mpishi, nikawa mpishi mkuu, cheo ambacho kila hoteli inacho.

Sifa zake zipo na lazima zitajwe. Mgeni akija hapa mara moja, Balozi hamsahau tena. Kuna mama mmoja mjane huja kila mwaka. Hapendi chumba kilicho karibu na ngazi, anataka mto mmoja mgumu na mmoja laini, na hataki kabisa kuulizwa kama yuko peke yake. Balozi humwandalia meza ya dirishani, halafu kabla hajaingia anakiondoa kile kiti cha pili, ili asikae anatazamana na kiti kitupu. Jamani, hilo mimi nisingelifikiria hata ningepewa mwaka mzima. Siku niliyolisikia roho iliniuma mpaka nikaunguza vitunguu.

Halafu kuna ile jioni ambayo umeme ulikatika na jenereta likagoma. Mtu mwingine angeenda kuomba radhi meza kwa meza. Balozi akawasha mishumaa, akasimama katikati ya ukumbi na uso mkavu kabisa, akatangaza kwamba leo hoteli imewaandalia wageni wake jioni ya mishumaa. Wageni wakashangilia, wengine wakauliza itakuwa lini tena. Huku nyuma mimi nilikuwa nageuza samaki kwa mwanga wa simu aliyonishikia mwosha vyombo, mtu mwenye mafua, kila akipiga chafya samaki wanapotea gizani. Niliungua mkono. Chakula kikatoka kwa wakati, sahani zikarudi zimefutwa kwa mkate. Kesho yake wakati wa chai walimpigia Balozi makofi, naye akainama, mkono kifuani.

Huo mkono wa kifuani ndio uliolea donge langu. Mgeni akisema supu ni tamu, Balozi anainama, mkono kifuani. Akisema nyama imeiva vizuri, mkono kifuani. Utadhani yeye ndiye aliyesimama mbele ya jiko tangu alfajiri! Nilikuwa nikichungulia kwenye kile kidirisha cha duara cha mlangoni, naona midomo ya wageni inasema asante, na asante zote zinaishia kwenye vifungo vya koti lake. Akirudi na vyombo namuuliza wamesemaje, naye ananijibu kwa upole kwamba wamekula. Wamekula! Kwani nilidhani walikuja kukipaka chakula ukutani?

Kwa wafanyakazi wapya ambao hawajaiona, hapa tuna desturi ya kuitwa. Mgeni akipendezwa sana na kazi ya mtu, anaomba mtu huyo aitwe ukumbini wakati wa chakula cha jioni. Unatoka huko ulikojificha, unasimama mbele ya meza, mgeni anakushukuru, na ukumbi mzima unapiga makofi. Basi, ni hivyo tu. Lakini atakayekwambia kwamba hajali, anakudanganya mchana kweupe. Dobi wetu aliitwa kwa ajili ya gauni la bibi harusi lililomwagikiwa divai, akatembea kifua mbele mwezi mzima. Mtunza bustani aliitwa. Dereva aliitwa, na alichofanya ni kubadilisha tairi tu! Balozi ndiyo usiseme, ameitwa mpaka wageni wa kudumu wamechoka kumwita, wanampigia makofi akipita tu na trei. Mimi sijaitwa hata siku moja. Wala sijawahi kumwambia mtu kwamba natamani kuitwa. Naliandika hapa kwa mara ya kwanza, na mke wangu akisoma atasema alijua zamani.

Mke wangu mwenyewe ni wa upande wa Balozi, msimwone hivyo. Alikuja hapa kwenye chakula cha mchana cha familia za wafanyakazi, Balozi, ambaye yeye humwita shemeji, akamvutia kiti, akamtandikia kitambaa magotini, akamuuliza kama upepo wa dirishani haumsumbui. Nimekoma tangu siku hiyo. Nikiweka sufuria mezani naambiwa shemeji Balozi asingethubutu. Nikinyamaza naambiwa shemeji Balozi angeuliza kwanza siku yako imekwendaje. Jioni moja nikajikaza nikamvutia kiti. Alikaa, akanitazama, akaniuliza nimevunja nini.

Sasa tuje kwenye jambo lililotokea juzi, maana bila hilo wasifu huu ungeishia kwenye manung'uniko. Mnajua kwamba mfanyakazi anayestaafu hulala hapa siku mbili kama mgeni, yeye na mwenzi wake, katika kile chumba cha juu chenye beseni la kuogea linalotazama bonde. Wenzake ndio wanaomhudumia. Jumamosi iliyopita Balozi na mkewe waliletwa na gari la hoteli, nasi tukajipanga kwenye ngazi. Kazi ilianzia hapo hapo, kwa sababu alikataa kuachia begi. Mbeba mizigo anavuta huku, Balozi anavuta kule, mpaka mkewe akamfokea kwamba awaache watoto wa watu wafanye kazi yao. Huyo mama hakuhitaji kufundishwa ugeni. Aliagiza chai chumbani, akaomba mto wa tatu, akaingia kwenye lile beseni na hakutoka mpaka mhudumu wa vyumba akaenda kugonga kuuliza kama yuko salama. Nimepeleka chakula kwenye chumba kile miaka na miaka, na bonde lile sijawahi kuliona nikiwa nimekaa. Nilipoambiwa kwamba wameagiza na matunda, niliyakata kwa kisu kisicho na makosa na moyo uliojaa kijicho.

Lakini nilikuwa na hesabu zangu. Nilijiambia kwamba safari hii Balozi ni mgeni. Amekaa mezani kama wengine, na mgeni ana haki ya kuita. Kama yeye, anayejua nini kinapikwa nyuma ya ule mlango na nani anakipika, hataniita, basi nani ataniita? Na mimi nastaafu mwakani. Kwa hiyo Jumamosi jioni nilikuja na koti jeupe jipya, limepigwa pasi na mke wangu bila kuniuliza ni la nini, nikalitundika msumarini karibu na mlango. Nilipika supu ya maboga, ile ambayo wageni huisifu kila siku. Niliionja asubuhi, nikaionja mchana, nikaionja jioni. Niliionja kuliko supu yoyote maishani mwangu.

Anayerithi nafasi ya Balozi ni mwanadada tunayemwita Chapuchapu kwa sababu ya mwendo wake. Alichukua mabakuli mawili, akasukuma mlango, nami nikaanza kufungua vifungo vya aproni. Sijamaliza, mlango ukafunguka. Chapuchapu amerudi na bakuli moja, limejaa kama lilivyotoka. Akasema, kwa sauti ya mtu anayetafuta pa kujificha, kwamba mgeni wa meza ya katikati anashukuru, ila supu imezidi chumvi.

Jiko zima likageuka kunitazama. Hata maji ya bomba nadhani yalisita. Sijawahi kurudishiwa supu tangu nipewe lile jiko! Nikamuuliza mgeni gani, nikijua kabisa ni nani. Damu ikanipanda. Nilijiona mjinga, mimi na koti langu la msumarini. Mtu amekula sifa zangu maisha yake yote, leo amepata nafasi ya kunirudishia moja tu, ananirudishia bakuli! Sikulivaa lile koti. Niliusukuma mlango nikatoka na aproni yenye madoa, upawa mkononi, nimekunja uso, naelekea meza ya katikati kumwambia maneno ambayo jarida hili lisingeyachapa.

Balozi aliniona ninavyokuja. Akasimama. Na kabla sijafungua mdomo, akaanza kupiga makofi.

Wageni wakageuka, wakaona mpishi katikati ya ukumbi, wakajua ameitwa. Wakapiga makofi wote. Mzee mmoja wa meza ya pili alisimama kabisa na fimbo yake. Mwingine akasema kwa sauti kwamba kumbe ndiye huyu, miaka yote anakula chakula cha mtu asiyemjua sura. Makofi yakaendelea, nami nimesimama na upawa wangu hewani na hasira yangu haina pa kwenda. Nilijikuta nainama. Mkono wenyewe, sijui nani aliutuma, ukaenda kifuani.

Balozi akanivutia kiti, akanikalisha kati yake na mkewe. Akaniambia polepole, kwa namna ile anayozungumza na wageni waliofiwa, kwamba chakula changu cha mchana hakina mfano, lakini supu ya jioni huzidi chumvi, na imekuwa ikizidi kwa miaka mingi. Akasema ulimi wangu mimi mpishi unachoka kwa kuonja tangu asubuhi. Nikamuuliza mbona wageni wanaisifu. Mkewe akashindwa kujizuia, akacheka. Kumbe lile jagi la maziwa ya moto ambalo Balozi alikuwa akiliweka kwenye meza ya pembeni kila jioni, ambalo mimi nilidhani ni la chai, lilikuwa la supu yangu. Bakuli likitoka kwangu, anapita pembeni, anamimina kidogo, anakoroga mara mbili, ndipo linafika kwa mgeni. Miaka yote! Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akanikumbusha mhudumu mmoja wa zamani aliyewahi kuniambia habari ya chumvi. Namkumbuka. Nilimfukuza jikoni kwa upawa, na hakuwahi kurudi hata kuchukua mwavuli wake. Sasa, Balozi akasema, yeye amekaa upande wa wageni, jagi hawezi kulifikia, na hataki kumfundisha Chapuchapu ujanja huo. Anataka binti yule akiambiwa jambo mezani alilete jikoni lilivyo.

Nilinywa supu yangu pale mezani, mbele ya wageni, kwa mara ya kwanza kutoka upande ule. Ilikuwa chumvi tupu.

Basi wasifu wa Balozi ndio huo. Kwa niaba ya uongozi, mapokezi, vyumba, bustani, dobi na jiko, tunamshukuru kwa kazi iliyotukuka. Yeye na mkewe wapate asubuhi ndefu zisizo na kengele, afya njema, wajukuu wasumbufu, na mtu wa kuwaletea chai kitandani, japo namfahamu, chai hiyo ataileta mwenyewe. Nami binafsi nina neno moja la kuongeza. Balozi, nimekuonea wivu kwa sababu ulikuwa unapokea shukrani zangu. Sikujua kwamba ulikuwa unapokea na lawama zangu, ukazimeza pale pale mlangoni ili zisinifikie. Sasa wivu wangu umekuwa mkubwa zaidi, kwa sababu hata kwa moyo wa namna hiyo umenizidi, na makofi yangu ya pekee nimeyapata kwa mikono yako. Tangu juzi supu naionja mara moja tu, halafu namwita Chapuchapu aionje. Amenirudishia mara mbili, na bado anafanya kazi hapa.

Nenda kwa amani, ndugu yangu, maisha yakakutendee mema. Siku utakayorudi hapa kama mgeni, kaa meza unayotaka, umwite umtakaye. Mimi nitatoka bila kuitwa.