Kitambaa cha Darejani

Marehemu Darejani Gvarliani alizaliwa tarehe 4 Machi 1948 hapa Chvabari, milimani Svaneti, binti wa mwenye kinu cha maji. Alisoma madarasa saba. Baba alipofukiwa na theluji, akaacha shule akashika kinu, na alisaga unga wa kijiji hiki mpaka mwisho.

Mwaka 1969, sikukuu ya kanisa, kaka yake Tarieli na kijana mmoja walichomoleana visu. Damu ilishamwagika. Darejani akavua kitambaa cha kichwani, akakitupa katikati yao. Kwetu kitambaa cha mwanamke kikianguka kati ya wanaume, hakuna mkono unaoinuka tena. Kijana akakiokota kwa mikono yenye damu.

"Umekichafua," Darejani akamwambia. "Utakifua mwenyewe."

Alikifua. Ndiye mumewe, anayeandika haya. Mungu aliwapa mtoto mmoja, Nestori. Homa ilimchukua akiwa na miaka mitatu, akazikwa hapa kando ya mto.

Mwaka 2019 mfuko wa uwekezaji wa ng'ambo ulileta fedha za kujenga bwawa la umeme, ambalo maji yake yangefunika makaburi yetu. Bwana wa mfuko alikula mkate wetu wa nyama, akasema kwa adabu:

"Mama, hii ni akiba ya uzeeni ya walimu wa kwetu. Umeme ni safi, hauna moshi. Makaburi tutayahamisha kwa heshima."

"Walimu wako wazeeke salama, mwanangu. Lakini mtoto wangu nilimlaza mara moja. Simwamshi."

Tarehe 9 Oktoba 2021 walinzi wa mkandarasi, watu wa bondeni, walileta tingatinga hadi ukuta wa makaburi. Mawe yaliruka, marungu yakashuka, meno yakatapakaa matopeni. Mumewe aliinua shoka.

"Besarioni! Weka chini, mzee mjinga we!"

Darejani akamfokea hivyo, akatupa kitambaa. Wanaume wote wa Chvabari wakaangusha walichoshika. Walinzi hawakuijua mila hiyo. Waliendelea kuwapiga watu wasio na kitu mikononi. Rungu moja lilimpata Darejani kichwani, pale palipokuwa wazi.

Hakuzinduka tena. Alifariki hospitali ya wilaya tarehe 17 Oktoba. Bwana wa mfuko amepiga simu: fedha zimesimamishwa, kwa sasa.

Ameacha mume, kaka yake Tarieli, na kinu. Kaburi lake tumelichimba ubavuni mwa Nestori. Atakayeleta maji hapa ataamsha wawili.

Kitambaa mumewe amekifua. Darejani amefungwa nacho kichwani, ndivyo anavyozikwa.

Darejani alale kwa amani, asiamshwe na mtu.