Walibonyeza, Nikalipa Mimi

Jina la Bwana litukuzwe, ndugu zangu! Naitwa Rehema, nnakaa Mpendae, na nimesimama mbele yenu kwa sababu Mungu amenitoa mahali ambapo nilikuwa nshakata tamaa.

Mimi na mume wangu Elia tuna gari moja la abiria. Tunawachukua wageni uwanja wa ndege na kuwapeleka hoteli za pwani Kiwengwa, au tunawatoa huko kuja kutembea Mji Mkongwe. Zamani kuna hoteli ilikuwa ikitupa wageni. Ilipopata mwenyewe mpya, wakatuacha. Ndipo nikaweka tangazo mtandaoni, pale watu wanapoandika wanachotafuta na majina ya biashara yanatokea. Nikaingiza kadi ya benki, nikachagua maneno "gari Zanzibar", ili anayeyaandika alione jina langu, nikamshukuru Mungu.

Ndugu zangu, sikuelewa nilichokubali! Nilidhani nitakatwa pesa pale mgeni atakapopanda gari.

Ujumbe wa benki ukaanza kuingia. Nipo sokoni, simu inatetemeka: umekatwa. Nipo hapa hapa kanisani, tumefumba macho tunaomba, inatetemeka mkobani: umekatwa! Nikasema mwizi ameingia kwenye kadi yangu. Nikafunga na kuomba, nikamkemea mwizi huyo, na pesa ikaendelea kutoka. Watu walinipigia simu, ndiyo, lakini si wageni. Huyu anauliza tunauza gari bei gani, yule anatafuta kazi ya udereva.

Akiba ya bima ya gari ikaisha. Elia akanyamaza, na anayemjua Elia anajua kunyamaza kwake. Asubuhi moja, chai mkononi, akasema, "Nimepata mtu wa kulinunua gari. Anakuja Jumamosi."

"Na sisi tutaishije?"

"Nitaendesha gari la mtu mwengine."

Hakuniangalia alipokuwa akisema. Nilitoka uani nikalia.

Ijumaa nikiwa nafua, simu ikaita. Sauti ya mama mtu mzima. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mimi Bi Mwanakhamis, nnakupigia kutoka Tumbatu. Nnataka taa ya nyuma ya gari ya kijana wangu. Unazo?"

"Sisi hatuuzi spea, bibi. Kwani namba yangu umeipata wapi?"

"Humu simuni! Nimeandika gari Zanzibar, jina lako likaja la mwanzo, nikalibonyeza. Dada yangu naye kalibonyeza kwenye simu yake, na shemeji yake pia. Sote tunakutafuta wewe!"

Wakati anaongea, simu ikatetemeka sikioni mwangu. Umekatwa.

Ndugu zangu, hapo nikaelewa! Hapakuwa na mwizi. Kila aliyebonyeza jina langu, apande gari asipande, mimi nililipa. Na ni mimi niliyewaita wote kwa neno moja, gari: wa kununua, wa spea, wa kazi!

Nikamshukuru Bi Mwanakhamis mpaka akashangaa. Nikalizima tangazo, nikakaa kwenye mkeka nikasoma kila kitu nilichokuwa nimekiruka. Nikaweka kikomo cha pesa kwa siku, kikifika tangazo linajizima. Nikaondoa yale maneno mapana, nikaandika "usafiri kutoka uwanja wa ndege hadi Kiwengwa". Nikazuia neno kuuza, nikazuia spea, nikazuia kazi, anayeyaandika hayo asilione tangazo langu. Kisha nikaliwasha tena, nikapiga magoti.

Kimya. Hakuna aliyebonyeza, hakuna aliyepiga. Kimya kile kilinitisha kuliko ule mtetemo!

Jumamosi mnunuzi akaja. Akalizunguka gari, akafungua boneti, akasema anaondoka nalo. Elia akaingia ndani kuchukua kadi ya gari. Nikasema, Bwana, kama upo, sasa hivi!

Simu ikatetemeka. Umekatwa. Kabla sijaiweka chini, ikaita.

"Dada, tunatua kesho tukitokea Mwanza. Tuna harusi Kiwengwa na tuna wazee wetu. Mtaweza kutupokea, na kuturudisha baada ya sherehe?"

"Naam, kaka, tutaweza!" Nilijibu kwa sauti kubwa makusudi, Elia asikie.

Akatoka na kadi ya gari mkononi. Akanitazama kwanza mimi, halafu yule mtu. "Nisamehe, kaka," akasema. "Nimeghairi kuliuza gari."

Mtu yule aliondoka amekasirika, na hasira yake niliielewa. Jumapili ile hatukuja ibadani, mchungaji anakumbuka. Tulikuwa uwanja wa ndege!

Si kwamba sasa tumetajirika. Zipo siku habonyezi mtu. Lakini anayebonyeza anatafuta usafiri, na mimi najua ninacholipia, na Elia anaongea tena wakati wa chai. Utukufu kwa Mungu! Ndugu yangu uliyekaa hapo, kitu kinakumaliza na hulijui jina lake, usiogope kumwomba Bwana akuonyeshe. Mwamini. Mimi nilimwomba amfukuze mwizi, yeye akanifumbua macho. Asanteni, na Mungu awatunze.