Kaseti Aliyoifuta Mzee Yolamu Omara

Mzee Yolamu Omara alizaliwa Lira tarehe 14 Machi 1951. Mwaka 1958 baba yake alipata kazi mgodini, akahamishia familia Kilembe, na huko akazaliwa Okot, mdogo wake wa pekee.

Alisoma Kilembe hadi kidato cha pili, karo ikakatika. Akawa fundi umeme mgodini, na jioni alipiga ngoma katika bendi ya vijana. Okot alipiga gitaa. Mwaka 1981 walirekodi nyimbo sita kwenye kaseti moja. Nakala nyingine haikuwepo.

Mwaka 1976 alifunga ndoa na Kiconco, ambaye mpaka juzi alisema aliolewa na mtu pamoja na redio zake.

Mgodi ulipofungwa, alifungua banda la kutengeneza redio mjini Kasese. Mwaka 1985 mteja alimwachia kaseti ya albamu mpya ya bendi fulani ya Waingereza. Mzee aliwajua tangu zamani: magitaa makali, ngoma za mbio. Sasa gitaa lilikuwa limerudi nyuma, vinanda vya umeme vimejaa, ngoma ni ya mashine, mwimbaji hapigi tena kelele. Alisikiliza mpaka chai ikapoa. Mteja alitaka kurudishiwa kaseti yake siku hiyo hiyo, na kaseti tupu haikupatikana mjini. Mzee akaziba kwa karatasi vile vitundu vinavyozuia kurekodi, akanakili albamu juu ya kaseti ya bendi yao.

"Kaka, umenifuta," Okot alisema.

"Tutarekodi ingine. Sikia kwanza hawa wamebadilika namna gani."

"Hawa hata gitaa wametupa. Ndiyo maana unawapenda."

Okot alihamia Mpondwe, safari ya saa moja na kidogo. Hakurudi kwa miaka ishirini na tisa. Mjukuu aliyeuliza kama albamu ile ilikuwa nzuri kweli aliambiwa, "Nzuri sana. Ndiyo ubaya wake."

Saratani ya koo ilionekana Januari 2014. Mwezi wa Juni sauti iliisha. Aliandika kwenye daftari, "Okot aje," akachana karatasi, akampa Muzamiru, dereva wa lori la Mpondwe. Jibu lilirudi: "Mwambie asikilize Bazungu bake. Mimi niko na kazi." Mzee akageukia ukutani. Alifariki nyumbani Ijumaa, tarehe 8 Agosti.

Okot alifika Jumamosi. Kiconco alimpa daftari: kurasa nne za neno moja, nilikosa.

"Kwa nini hamkuniletea hii?"

"Ile ya kwanza ulipelekewa, shemeji."

Ameacha mjane Kiconco, binti yake Tumukunde, wajukuu wanne, na ndugu mmoja, Okot, aliyeketi mbele leo. Udongo wa kwanza tumemwachia yeye. Mzee Omara apumzike kwa amani ambayo sisi tulichelewa kumletea.