Wimbo Uliopendwa Mno

Ndani ya basi nililopanda, kijana mmoja alikuwa ameliweka gitaa lake kwenye kiti cha dirishani, utadhani limelipiwa nauli. Mama fundi cherehani aliyekaa nyuma yake akamuuliza bendi yake iko wapi.

“Ilivunjika, mama. Tulipiga muziki wetu wenyewe wa roki, ule usiochezwa redioni. Mwaka haukuisha.”

“Mligombana?”

“Wimbo wetu mmoja ulipendwa. Siku moja ukumbi mzima uliuimba, hadi mlinzi wa mlangoni. Tukaacha kuupiga, na watu wakaacha kuja.”

“Kisa kupendwa?”

“Hatukuwa bendi ya kila mtu,” alijibu, kifua mbele. Nilimwonea wivu, maana mimi sijawahi kupata nafasi ya kukataa kupendwa.

“Mwanangu, gauni langu likipendwa, nashona jingine. Wewe lako umelitia moto.”

“Lilikuwa letu, mama. Ruhusa tulikuwa nayo.”

Mama akaanza kuimba taratibu wimbo ambao, alisema, binti yake huuimba akiosha vyombo. Kijana akageuka mzimamzima.

“Hapo sauti inapanda, mama, haishuki!”

“Nyumbani kwangu inashuka,” alisema mama. Basi likasimama, naye akateremka akiuimba vilevile.