Mafaili Kumi na Manane

Ndugu, jamaa na majirani, maelezo haya yameandikwa na mume wa marehemu, ambaye ameomba yasomwe kama yalivyo, bila kupunguzwa makali.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa nne wa fundi cherehani. Alimaliza sekondari mwaka 1986, akahitimu uuguzi mwaka 1990, akafunga ndoa tarehe 5 Juni 1993 na mhadhiri wa hesabu, wakajaliwa mabinti wawili.

Kuanzia mwaka 2001, katika kliniki ya hospitali, alihudumia watoto waliozaliwa mifupa ya fuvu ikiwa imeungana kabla ya wakati, wakapasuliwa ili ubongo upate nafasi ya kukua. Aliwapima vichwa kwa tepu kila baada ya miezi mitatu, na hakumpima aliyesukwa mpaka mama yake amfumue nywele zote, hata foleni ifike getini, kwa kuwa misuko huongeza sentimita nzima, na fuvu lililogoma kukua huonekana linakua. Akina mama walimwita Mama Tepu, wakinung'unika, na wakirudi.

Mkuu wa idara yake alichoshwa na foleni. Tarehe 11 Februari 2019, mbele ya wauguzi wote, alimwambia, "Mama Tepu, hapa ni kliniki, si saluni. Kama unapenda nywele hivyo, kafungue kibanda."

Wenzake walicheka. Yeye akajibu, "Daktari, mimi napima mtoto, wewe unapima nywele."

Wiki hiyohiyo alihamishiwa stoo ya mashuka. Vipimo vikaendelea juu ya misuko, watoto kumi na tisa wakaandikwa wamepona, mafaili yao yakafungwa. Mmoja wao, msichana wa miaka minne, alianza kujigonga milangoni. Ubongo ulikuwa umebanwa, na hakuona tena. Marehemu alimwandikia mkuu wa idara barua tatu akiomba wale kumi na wanane waliobaki waitwe wapimwe upya. Hazikujibiwa.

Aligundulika kuwa na saratani ya kongosho tarehe 20 Mei 2021, akafariki nyumbani tarehe 3 Septemba, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari wa saratani, majirani waliompikia uji, na mfua mashuka wa hospitali aliyekuja kila Jumamosi. Shada kubwa lililo mbele yenu limeletwa na mkuu wa idara, aliyeketi safu ya pili. Tumelipokea, ila marehemu hakuomba maua, aliomba mafaili kumi na manane yafunguliwe.

Wewe pumzika kwa amani, mama. Sisi tutakuwa mlangoni kwa mkuu wa idara Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi.