Kicheko cha Umm Wagdi

Ustadhi Shawqi aliliandikia gazeti moja la Aleksandria miaka thelathini, mpaka lilipofungwa. Asubuhi hiyo kwenye tramu, binti aliyeketi kando yake alikuwa akihariri video kwenye simu, sauti juu kama yuko kwao. Shawqi alitaka kumwambia apunguze, mara akaliona kwenye skrini tanuri la mkate la Umm Wagdi, lile linalovunjwa wiki hii.

"Huyo mama nilimwandika mimi," akasema. "Ukurasa wa nne. Watu waliukata wakaubandika ukutani."

"Video yangu ya jana wametazama watu elfu tisini, ustadhi."

"Wametazama, au wamepitisha kidole huku wakila koshari?"

"Na gazeti lenu si watu walifungia samaki?"

"Walifungia. Lakini lilisomwa kwanza."

Binti akacheka, akabonyeza video. Umm Wagdi, sasa kibogoyo, akaangua kicheko kilichoanza kama kikohozi kikapanda mpaka kikamkata pumzi. Kicheko hicho Shawqi alikitafutia maneno siku tatu, enzi zile vidole vyake vina wino, akayakosa. Mwishowe aliandika tu kwamba mama alicheka.

"Basi kubali, ustadhi, mmeshindwa."

"Sikubali ng'o. Kwenye ukurasa wangu mkate ulinukia. Hapo kwako unanukia?"

Binti alifungua kinywa ajibu, lakini tramu ikasimama kituo cha Shawqi. Akainuka, watu wakamsukuma washuke. Yeye akang'ang'ania chuma cha mlangoni.

"Rudisha pale anapocheka," akasema. "Upesi, binti yangu."